Faili la leseni ya mazingira hulala wapi

Chukua jengo la nyumba 64 linalotarajiwa kupandishwa Kileleshwa, mtaa wa Nairobi nchini Kenya, kwenye ploti ya nusu ekari inayoteremka hadi mto Kirichwa Kubwa. Ripoti yake ya mazingira ina kurasa 140 hivi. Afisa aliyezoea kazi huisoma kwa siku moja, mbili akiamua kurudia hesabu. Kwenda kuona ploti ni nusu siku, foleni ya magari ikiwemo. Kuandika masharti ya leseni ni asubuhi moja. Jumlisha kazi yote ya macho na mikono, hupati siku nne. Hata hivyo mwenye mradi anaweza kungoja wiki kumi.

Siku hizo nyingine zote faili limelala. Limelala kwenye meza ya mapokezi likingoja wa kuligawa, au kwa mwenye mradi anayetafuta karatasi iliyokosekana, au katika idara nyingine iliyoombwa maoni, au mbele ya mwenye sahihi aliyesafiri kikazi. Ndiyo maana kumhimiza afisa asome upesi hakuleti nafuu kubwa. Hata ukimpunguzia nusu ya muda wa kusoma, umeokoa siku moja kati ya siku hamsini za kazi.

Sheria yenyewe inataka nini

Kifungu cha 58 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ile inayojulikana kama EMCA, kinamtaka mwenye mradi ulioorodheshwa apate leseni kabla ya kuufadhili au kuuanza, hata kama ana kibali kingine chochote mkononi. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, yenye makao makuu Popo Road, South C. Utaratibu wa hatua kwa hatua umo katika kanuni za tathmini na ukaguzi za 2003.

Mwaka 2019 orodha ya miradi ilipangwa upya kwa madaraja matatu ya hatari: ya chini, ya kati na ya juu. Madaraja mawili ya kwanza huanza na ripoti ya muhtasari. Mamlaka ikiona athari ni nzito, au njia za kuzipunguza hazitoshi, hudai ripoti pana zaidi. Mradi wa hatari ya juu haupiti njia hiyo. Huo hufanyiwa utafiti kamili, na utafiti hauanzi mpaka hadidu za rejea, yaani maelezo ya kitakachochunguzwa na namna yake, ziidhinishwe. Kwa nyumba za makazi mipaka ni rahisi kukumbuka: zisizozidi 30 ni hatari ya chini, zaidi ya 30 hadi 100 ni ya kati, na kupita 100 ni ya juu. Jengo letu la nyumba 64 liko katikati.

Mgawanyo huu ndio urahisishaji mkubwa zaidi uliofanywa, kwa sababu unaruhusu nguvu za ofisi ziende penye hatari. Lakini palipo na mpaka pana wa kuuchezea. Mtu mwenye mpango wa nyumba 56 huuleta kama miradi miwili ya nyumba 28, awamu ya kwanza na awamu ya pili, kila mmoja na ripoti yake nyembamba. Kila ripoti peke yake ni safi. Ukiziweka pamoja ndipo unaona bomba moja la majitaka, lango moja na kisima kimoja vikibebeshwa mzigo ambao hakuna ripoti iliyoutaja. Dawa yake ni ndogo: mfumo uulize namba ya hati ya ardhi na majina ya wakurugenzi kama sehemu za kujazwa, kisha ulinganishe na maombi yaliyotangulia. Afisa anayesoma faili mojamoja hawezi kulikumbuka ombi lililopita mezani kwa mwenzake miezi saba nyuma.

Hesabu ya foleni

Hapa ndipo urahisishaji mwingi hukosea, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Tuseme ofisi inapokea maombi mapya 40 kwa wiki. Ina maafisa kumi, na kila mmoja anamaliza kusoma ripoti tano kwa wiki. Uwezo ni 50, maombi ni 40. Inaonekana kuna nafasi ya kupumua. Sasa tuseme nusu ya maombi hurudishwa mara moja kwa sababu ya kasoro. Yale 20 yakirejea husomwa tena, maana hakuna afisa anayeweza kuamini kwamba kilichobadilishwa ni ukurasa mmoja tu. Usomaji unakuwa 60 kwa wiki dhidi ya uwezo wa 50. Kila wiki ripoti kumi hulala, na baada ya robo mwaka rundo linazidi mia.

Mkubwa wa ofisi akiliona rundo huomba maafisa zaidi. Lakini marejesho yakishuka kutoka nusu hadi moja kwa kumi, usomaji unakuwa 44, na maafisa walewale kumi wanatosha. Kazi yote iko mlangoni.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kompyuta. Hesabu mafaili yote yaliyo wazi, gawanya kwa idadi yanayotoka na uamuzi kila wiki. Mafaili 320 yakiwa wazi na 40 yakitoka, anayeingia leo atangoja takribani wiki nane, na hakuna bango la ukutani linaloahidi huduma ya haraka litakalobadilisha hilo. Ofisi inayojua namba hiyo inaweza kumwambia mteja ukweli kwenye kaunta. Isiyoijua humwambia arudi kesho, na foleni isiyoonekana huzaa madalali wa kuuza nafasi ndani yake.

Kasoro zilezile kila siku

Mtu akikusanya barua za marejesho za miezi mitatu atakuta kasoro karibu ni zilezile. Kuna hati ya ardhi yenye jina tofauti na la mwombaji bila barua ya idhini au mkataba wa mauziano. Kuna gharama ya mradi kwenye fomu isiyolingana na ile ya BQ, yaani orodha ya vipimo na bei za ujenzi, iliyotiwa sahihi na mkadiriaji majenzi. Michoro hudai ghorofa nane, maelezo yakasema saba. Mtaalamu aliyeandika ripoti amesajiliwa, lakini leseni yake ya mwaka haijalipiwa. Idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi haipo, ilhali ploti bado ni ya nyumba moja ya familia. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mtaalamu wa mazingira kuligundua. Karani mwenye orodha ya ukurasa mmoja analiona ndani ya dakika kumi na tano, na mfumo wa mtandaoni uliopangwa vizuri huliona kabla mwombaji hajabonyeza kutuma.

Kwa hiyo ukaguzi wa ukamilifu ufanywe siku ileile ya kupokea, na ombi pungufu lisipewe namba. Hilo linaonekana kama ukali, lakini ukali wa dakika kumi na tano ni afadhali kuliko upole wa wiki tatu unaoishia kwenye barua ya kurudishiwa karatasi.

Kasoro za kitaalamu ni jambo jingine, na hizo ndizo zinazostahili muda wa afisa. Kanuni zinataka ripoti ieleze mahali na ukubwa wa eneo, shughuli za wakati wa kujenga, kutumia na kufunga mradi, vifaa na taka zake, athari na njia za kuzipunguza, mpango wa ajali, afya ya wafanyakazi na majirani, athari za kiuchumi na kijamii, na bajeti. Ripoti dhaifu hugusa kila kichwa bila kusema kitu. “Udongo utakaochimbwa utatupwa ipasavyo.” “Maji ya kutosha yatapatikana.” Ukiona sentensi kama hizo, chukua kikokotoo.

Nyumba 64 kwa watu wanne kila moja ni watu 256. Kwa lita 150 kwa mtu kwa siku, jengo linahitaji lita 38,400. Asilimia 80 ya maji hayo hutoka kama majitaka, yaani lita 30,720 kila siku, na hapo swali linakuwa wazi: bomba la barabara hiyo linaweza kubeba kiasi hicho, na kampuni ya maji ya jiji imethibitisha kwa maandishi? Mchoro ukionyesha tangi la lita 20,000, jengo halina akiba hata ya siku moja. Wakazi wataishia kununua maji ya boza au watachimba kisima ambacho ripoti haikukitaja.

Udongo nao. Chumba cha chini cha kuegesha magari chenye urefu wa mita 40, upana 25 na kina 3.5 ni mita za ujazo 3,500. Udongo ukichimbuliwa huvimba, tuseme kwa asilimia 30, unakuwa 4,550. Lori la kubeba mita kumi litafanya safari 455. Kwa safari 15 kwa siku huo ni mwezi mzima wa malori kwenye barabara nyembamba ya mtaa, na ripoti inapaswa kusema yanakwenda wapi, yanapita saa ngapi, na matairi yatasafishwa vipi kabla ya kukanyaga lami. Ikishindwa kutaja mahali pa kumwaga, udongo huo mara nyingi huishia kingo za mto.

Hesabu za aina hii zikiwekwa kwenye fomu kama visanduku vya lazima, yaani idadi ya watu, lita za maji, lita za majitaka, ujazo wa udongo, safari za malori na kilo za taka, mwombaji analazimika kuzifanya mwenyewe na afisa hupata mahali pa kuanzia. Ndiyo tofauti kati ya mfumo wa mtandaoni na rundo la karatasi zilizopigwa picha. Ofisi nyingi zilihamia mtandaoni kwa kumruhusu mwombaji apakie faili moja la kurasa 140. Rundo lilihama kutoka mezani hadi kwenye skrini, na afisa bado anatafuta ukurasa wa 87 kwa kidole.

Barua moja, maswali yote

Kanuni moja ya ndani ina faida kuliko programu yoyote: maswali yote kwa mwombaji yatoke kwa barua moja. Desturi ya kawaida ni afisa kuona kasoro ya kwanza, kuandika, kurudisha. Likirejea anaona ya pili. Kila mzunguko unakula wiki mbili au tatu. Afisa akilazimika kusoma hadi mwisho kabla ya kuuliza, na swali jipya likihitaji kibali cha mkuu wake isipokuwa limezaliwa na majibu yenyewe, mizunguko hupungua.

Saa za kuhesabu muda nazo ziwe mbili. Moja ihesabu siku faili likiwa ofisini, nyingine siku likiwa kwa mwombaji, na zote zionekane na pande zote. Bila hivyo kila upande hulaumu mwenzake, na kwa kweli kila upande huwa na haki kiasi. Washauri wapo wanaokaa na barua ya maswali mwezi mzima huku wakimwambia mteja wao kwamba serikali inachelewesha.

Idara za pembeni

Kabla ya uamuzi, mamlaka huomba maoni ya idara zinazohusika, na kanuni za 2003 ziliweka siku 21 za kuyatoa kwa ripoti ya mradi. Kwa ploti yetu ya Kileleshwa, idara kuu ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa sababu ya mto, na serikali ya Kaunti ya Nairobi kwa mipango ya ujenzi. Karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson ungeongeza mamlaka ya usafiri wa anga kwa ajili ya urefu. Kituo cha mafuta kingeongeza wasimamizi wa nishati.

Kosa ni kuziandikia kwa zamu, yaani kungoja jibu la mto ndipo uulize la mipango. Barua zote zitoke siku moja, kila moja ikiwa na maswali mahususi, si nakala ya ripoti nzima yenye ombi la “maoni yenu.” Idara ya maji iulizwe: ukingo wa mto umepimwa kutoka wapi, na jengo liko mita ngapi kutoka hapo? Swali hilo linajibika kwa ukurasa mmoja. Siku 21 zikiisha bila jibu, afisa aendelee, lakini aandike kwenye faili kwamba aliuliza lini na hakujibiwa. Isipokuwa kwa mto. Hapo ukimya usichukuliwe kuwa ndiyo.

Sababu inaeleweka na yeyote aliyekuwa Nairobi Agosti 2018. South End Mall ya Lang'ata na Ukay Centre ya Westlands zilibomolewa kwa madai ya kukalia kingo za mito, majengo makubwa yaliyokuwa na biashara ndani. Kanuni za maji hutaja ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande, ukipimwa kwa kuzingatia kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mchoro unaopima kutoka katikati ya mto wakati wa kiangazi huonyesha nafasi ambayo haipo. Mpimaji apige vigingi, namba za vigingi ziingie kwenye ripoti, na afisa akienda kwenye ploti aende na utepe.

Ziara zenyewe zipangwe kwa mtaa. Afisa akienda Kileleshwa kwa faili moja, gari na nusu siku vimekwisha. Akienda na mafaili manne ya Kileleshwa, Kilimani na Lavington, nusu siku ileile inamtosha. Ni jambo dogo hata kuandika linaonekana la kitoto, lakini mafuta ya gari huchelewesha leseni kuliko sheria.

Pasipoguswa

Anayetafuta pa kukata huangalia kwanza ushirikishwaji wa wananchi. Kwa utafiti kamili kanuni zinadai mabango mahali panapoonekana, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, matangazo ya redio na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Ni gharama na ni muda. Lakini Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa, ile inayoitwa NET, ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu, na sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji usiotosha. Leseni hiyo ilikuwa imetolewa mwaka 2016. Wiki zilizookolewa kwenye mikutano zilirudi kama miaka ya kesi. Sheria inampa mtu siku 60 kukata rufaa katika mahakama hiyo, na jirani ambaye hakuulizwa huwa na hoja tayari.

Kinachoweza kubadilishwa ni ubora wake. Dodoso 15 zilizojazwa kwa mwandiko mmoja, zote zikisema mradi utaleta ajira, ni karatasi tu, na afisa mwenye uzoefu huziona kabla hajaketi. Afadhali kumi zenye namba ya ploti ya kila mjibuji, zikiwemo za ploti zote zinazopakana. Katika mitaa ya maghorofa, keateka, yaani mtunza jengo, si mkazi. Chama cha wakazi na wenye nyumba ndio waulizwe, na mkutano ufanywe Jumamosi alasiri, wala si Jumanne saa nne asubuhi wakati watu wako kazini. Jibu la mwenye mradi kwa kila lalamiko liandikwe kando yake. Jirani akilia kelele za usiku, jibu liwe saa za kazi na kiwango: kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 60 mchana na 35 usiku kwa ujenzi katika eneo la makazi.

Sahihi na kinachofuata

Masharti ya leseni huandikwa upya kila mara bila sababu. Vumbi, kelele, vyoo vya mafundi, mbebaji taka mwenye leseni: haya ni yaleyale kwa kila mjengo na yanaweza kukaa kwenye hifadhi ya masharti ya kawaida. Muda wa afisa uende kwenye matatu au manne ya mradi huu peke yake, kama vile ukuta wa kuzuia udongo kuporomokea mto. Sahihi za miradi midogo zikasimiwe kwa wakuu wa ofisi za kaunti, na mwenye sahihi akisafiri awepo wa kukaimu kwa maandishi. Karatasi ambazo serikali tayari inazo zisiombwe tena. Tangu Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za ardhi, izinduliwe Nairobi Aprili 2021, hakuna haja kubwa ya mwananchi kubeba nakala ya hati ya ardhi ofisi tatu tofauti ili kila moja ikaithibitishe upya.

Leseni ikitoka, mradi unatakiwa uanze ndani ya miezi 24, na baadaye ukaguzi wa mazingira hufanywa kila mwaka. Mwenye mradi akiuza ploti, leseni huhamishwa rasmi. Haiendi na funguo. Akibadilisha muundo, huomba badiliko la leseni kabla ya kumwaga zege, na ombi la aina hiyo likiwa na michoro miwili kando kwa kando, wa zamani na mpya, pamoja na hesabu mpya za maji na majitaka, halina sababu ya kuchukua wiki nyingi. Lakini nyumba 64 zikigeuka 104 katikati ya mjengo, mradi umevuka mpaka wa 100. Kifungu cha 64 kinaruhusu mamlaka kudai tathmini mpya, na faili linarudi kaunta.